Kiangazi Mlango Haukwami

Kabla hujang'oa kabati la mtu, lifungue kwanza, ingiza kichwa, unuse.

Najua mtacheka. Ninyi vijana wa sasa mkiitwa jikoni kwa mtu mnaingia na nyundo mkononi. Kabati likiwa jeusi, ng'oa. Meza ikiwa na makovu ya kisu, kuni hiyo. Halafu mnamwandikia mwenye nyumba orodha ya mbao mpya ndefu kama treni ya mkonge, na maskini anaishia kukaa miaka miwili na sahani zake ndani ya beseni. Nimeshika randa tangu enzi za Mwingereza mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo ya kufufua makabati ya watu wasio na kitu. Basi sikilizeni. Kabati likinuka udongo mbichi, mchwa wameshaingia, ng'oa bila huruma. Likinuka moshi na samli, liache lilivyo. Moshi wa jikoni umelitunza miaka yote hiyo kuliko dawa yoyote ya dukani. Badilisha uso tu: milango, vishikio, na pale juu mtu anapokatia vitunguu. Mifupa iache.

Haya sikuyatoa kichwani mwangu. Nilifundishwa na Fundi Athumani, mzee aliyekuwa na karakana ya makuti nyuma ya maduka ya Same. Alikuwa na meno mawili mbele na maneno mengi nyuma yake. Shingoni alivaa kamba yenye senti kumi, ile ya zamani yenye tundu katikati. Watu walidhani ni hirizi. Kumbe ndicho kipimo chake. Akitia mlango kwenye fremu, anapitisha ile senti pande zote nne. Isipopita, anautoa mlango na kuupiga randa tena.

"Mlango na fremu ni wakwe," alikuwa akituambia. "Waheshimiane, wasigusane."

Mimi nilishuka Same kutoka Ugweno nikiwa na darasa la nne, randa ya marehemu baba, na ukurasa mmoja wa kitabu cha picha. Ukurasa huo niliupata Lembeni njiani. Nilinunua misumari kidogo, mwenye duka akanifungia humo. Nilipoikunjua karatasi nikaona jiko la Ulaya. Makabati meupe toka sakafuni hadi darini, meza inang'aa kama maji, na mama mmoja amevaa aproni anacheka. Yuko peke yake jikoni, hakuna moshi, hakuna mtoto, anacheka tu. Sijui alikuwa akicheka na nani. Nikaubandika ukutani chumbani kwangu, na kwa miezi mingi ndiye aliyekuwa mtu pekee niliyemuaga asubuhi.

Maana Same ilikuwa ngumu kwangu. Baba na mama walikuwa wameshatangulia. Kigweno changu hakuna aliyekielewa, na Chasu chao mimi nilikuwa nakibahatisha, nikisema neno watu wanashika mbavu. Jioni nilikuwa nakwenda kukaa kwenye benchi la stesheni nikingoja treni ya Tanga. Sikuwa na mgeni. Nilipenda tu kuona watu wanavyopokelewa.

Siku moja, kiangazi, akaingia karakanani mama mmoja wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, kikapu mgongoni, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameshuka kutoka Mbaga, huko juu milimani. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akakaa juu ya gogo, akasema:

"Nani kati yenu anaweza kufanya kitu cha kale kiwe kipya, bila pesa?"

"Hiyo kazi ya Mwenyezi Mungu, mama," Fundi Athumani akajibu. "Sisi tunatia bawaba tu."

Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi, halafu nikaona kuwa machozi hayaishi. Akatoa barua kifuani. Aliitwa Mama Nakiete, mjane wa mwalimu. Mtoto wake mmoja tu, huyo Nakiete, ameolewa Tanga na karani wa bandarini. Walikuja mara moja. Mkwe alisimama mlangoni pa jiko ameshika leso puani, akala peke yake sebuleni, na siku ya pili wakaondoka. Miaka minne imepita. Sasa barua inasema wanakuja Krismasi na watoto wawili ambao bibi yao hajawaona.

"Nataka jiko ambalo mkwe wangu ataingia," akasema. "Wakikaa hata wiki moja wale wajukuu watanizoea. Mtoto hamzoei mtu kwa siku mbili."

Fundi Athumani akaanza kukuna kidevu, akitafuta namna ya kukataa kwa upole. Mimi nikauona akilini ule ukurasa wangu wa chumbani, mweupe pee. Nikasema, "Mimi nitakwenda, mama."

"Wewe?" Athumani akaniuliza. "Wewe juzi umetia kitasa juu chini."

"Kitasa ni kitasa, fundi. Kilifunga."

Mama Nakiete akanitazama. "Umekula?" akauliza. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo tangu nitoke kwetu.

Tulipanda lori mpaka Kisiwani, kisha miguu, yeye mbele na mimi nyuma na sanduku la vifaa kichwani. Nilifika nikihema kama mvukuto. Jiko lake lilikuwa na makabati matatu ya enzi za Mjerumani. Marehemu mume wake aliyapata nyumba ya misheni ilipoachwa wakati wa ile vita ya kwanza. Meusi tii, milango mizito yenye maua ya kuchonga, mmoja umepasuka, mwingine umefungwa kwa kamba. Ubao wa juu una mashimo ya kutosha kuchezea bao. Nikaingiza kichwa nikanusa: moshi na samli. Nikajua mifupa ni mizima.

Kazi yenyewe nawaambieni, maana itawafaa. Masizi ya mafuta usianze kwa msasa, utaziba msasa na kulia. Chemsha maji ya majivu, sugua na gunzi la mahindi, suuza, acha likauke. Chini ya masizi yale nilikuta mkulo, ule mti wa msitu wa milimani wenye harufu kama kafuri. Rangi ya dukani hatukuwa na uwezo nayo, basi tukatengeneza. Chukua maziwa yaliyogandishwa na kuondolewa siagi, changanya na chokaa iliyochujwa kwa kitambaa, koroga mpaka iwe kama uji mwepesi, upake siku ileile. Ikikauka inashika kama ngozi. Paka tabaka tatu nyembamba, kisha isugue kwa nta ya nyuki ili maji yateleze. Juu ya meza niliweka mabati ya madebe. Yafungue pembeni, yanyooshe kwa nyundo ya mti, si ya chuma, yaunge kwa lehemu, halafu kingo zikunje ziingie chini ya ubao na msumari upigie huko chini, mkono wa mama usikatike. Vishikio nilitumia vibiringo vya uzi wa cherehani. Kimoja skrubu moja, basi. Mama Nakiete alikuwa amevitunza kikapu kizima bila kujua anavitunzia nini.

Ikabaki milango. Ile ya kale nikaona itaniharibia jiko la picha. Nikapima kwa kamba ya mkonge yenye mafundo, nikashuka Same, nikatengeneza milango sita kwa mbao za maboksi ya mafuta ya taa. Myepesi, bapa, myeupe. Fundi Athumani akanitazama nikiifunga kwa safari.

"Umeacha senti pande zote?"

Sasa, kwenye ule ukurasa wangu milango ilikuwa imebanana, hata wembe haupiti. Nikamjibu, "Nimeacha, fundi."

"Na ukifika usiitie siku hiyohiyo. Same ni jangwa, kule juu ni ukungu. Mbao ikitoka huku inakwenda ugenini. Iache jikoni kwake wiki nzima izoee hewa ya pale, ndipo uikate."

"Nimesikia, fundi."

Nilifika mchana, jioni milango yote sita ilikuwa mahali pake. Ilifunga kwa sauti laini, tup, kama kitabu. Sikupaka kingo, nikasema nani ataziona kingo? Mama Nakiete alisimama katikati ya jiko lake jeupe, akafungua mlango mmoja, akafunga, akafungua. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Mwalimu angeliona hili," akasema. Baadaye kidogo akaniambia, "Krismasi uje. Usibaki Same kula makande ya jana peke yako."

Nilikwenda. Mvua za vuli zilikuwa zimepiga wiki tatu, ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Nakiete alikuwa amefika na watoto, na mkwe alikuwa ndani ya jiko, kasimama kabisa, bila leso. Nakumbuka nilivyovimba kichwa.

"Fundi ndiye huyu?" mkwe akauliza. "Kazi nzuri. Hata Tanga sijaona."

Mama Nakiete akaenda kutoa vikombe vya maua alivyoviweka kwa ajili ya siku hiyo. Akavuta mlango. Hola. Akavuta tena. Nikavuta mimi. Mkwe akavua koti, akasema nipisheni, akavuta mguu mmoja ameukaza ukutani, kibiringo kikang'oka mkononi mwake, akaenda kukaa kwenye beseni la maji. Wale wajukuu walicheka mpaka wakalala chini. Milango yote sita ilikuwa imevimba kama vifaranga penye baridi. Tulikunywa chai kwa vibuyu na bakuli za mboga. Mimi nilitamani nipite chini ya meza nitokee Same.

Siku ya tatu wakaondoka.

Kwa muda mrefu niliilaumu ile milango. Lakini mkwe hakuwa amekasirika, aliuona mkasa ule kuwa kichekesho. Nakiete alimkumbatia mama yake, akaahidi kuja kila Krismasi. Jiko lilikuwa limesifiwa, watu waliingia ndani yake, na bado wakaondoka siku ya tatu, maana likizo ni likizo na Tanga ni Tanga. Mama Nakiete aliwasindikiza mpaka kwenye mteremko, akarudi akiwa ameshika kile kibiringo. Akanipa mkononi.

"Mdogo wao alikuwa ameanza kunizoea," akasema.

Niliipiga randa milango pale pale, na nilimwungamia Fundi Athumani niliporudi. Hakunigombeza. Alivua ile kamba shingoni akanivika mimi. Hilo liliniuma kuliko bakora.

Masika iliyofuata, mzee Kirumbe, jirani wa Mama Nakiete aliyekuwa akishusha ndizi Same, akaniletea salamu: mlango umekwama tena. Nikapanda. Nilipoanza kupiga randa, mama akanizuia mkono.

"Usiukwangue sana, fundi. Ukiacha mwanya mkubwa mende wataingia."

Nikaondoa unyoya tu. Tukala makande, akaniuliza habari za Same, akacheka Chasu changu, akanisahihisha. Nikalala, asubuhi nikashuka na ndizi kikapuni. Vuli ikaja, salamu zikaja: umekwama. Nikapanda. Masika tena, vuli tena. Nakiete aliandika barua, Krismasi moja mtoto aliugua, nyingine mkwe hakupewa ruhusa. Mimi nilikuwa nikiona kwamba Mama Nakiete ana bahati mbaya ya milango. Fundi Athumani akaniuliza siku moja, "Hivi mlango gani huo unapigwa randa mara nne na haujaisha?" Nikamjibu kuhusu mende. Akanitazama kwa meno yake mawili.

Halafu ikaja salamu mwezi wa nane.

Mnajua mwezi wa nane ulivyo, hata huko juu ukungu huwa umekauka. Mbao hujikunja kama mzee kwenye jua. Mlango uliokuwa ukibana masika, mwezi wa nane unaweza kupitisha kidole. Nikapanda huku nikijiuliza. Nilipofika nikashika kishikio, kweli, mlango umebana. Nikainama. Upande wa bawaba palikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne na kusukumizwa ndani kwa kisu. Kitambaa cheupe, cha kichwani.

Mama Nakiete alikuwa anachochea moto, amenipa mgongo.

"Umeona tatizo, fundi?"

"Nimeliona, mama."

"Ni kubwa?"

"Dogo. Litachukua mpaka kesho."

Nikakitoa kile kitambaa, nikakiweka mfukoni. Nikachukua randa na kuipitisha hewani karibu na ubao, shwaa, shwaa, ili aisikie. Naye akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akaongeza maharage chunguni. Naamini alijua kuwa najua. Hatukuwahi kulisema.

Sasa nifike pale ambapo singependa kufika.

Mwaka uliofuata nilikuwa fundi wa watu. Nilipata kazi ya kutengeneza majiko ya nyumba za wakubwa pale Same, nikawa na vijana wawili chini yangu, na kamba ya senti shingoni. Kirumbe akaja tena kiangazi, jua linachoma, vumbi linazunguka uwanjani.

"Fundi, Mama Nakiete anakusalimu. Mlango umekwama."

Wale vijana wangu wakaangua kicheko. "Kiangazi hiki? Fundi, mama huyo amekupenda!" Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikajifanya mjuzi. Nilitaka waone fundi anayejua mbao.

"Mwambie kiangazi mlango haukwami," nikamwambia Kirumbe. "Asubiri masika. Ukikwama masika nitakuja."

Kirumbe akauliza, "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Fundi Athumani alikuwa kwenye kiti chake kivulini, ameshaacha kazi, anakuja tu kutuchungulia. "Nenda," akasema.

"Fundi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Mbao hainyonyi maji ambayo hayapo."

"Nilikufundisha mbao," akasema. "Nenda."

Sikwenda. Nilikuwa na kabati la bwana mmoja la kumaliza.

Vuli ikapita, hakuna salamu. Nikafurahi, nikasema mlango umepona. Masika ikaanza, mvua ikanyesha siku tano mfululizo, hakuna salamu. Siku ya sita nikachukua sanduku langu bila kuitwa, nikapanda lori la Kisiwani. Njia ilikuwa utelezi mtupu, nilianguka mara mbili. Moshi hautoki kwenye paa. Nikabisha hodi, nikabisha. Kirumbe akatoka shambani kwake, jembe begani.

"Ulikuwa hujasikia?" akaniuliza.

Kumbe kile kiangazi Mama Nakiete alikuwa ameanza kuugua kifua. Hakutaka Nakiete aandikiwe barua, asije akamharibia mkwe kazi. Vuli ilipoanza akaacha kutoka kitandani. Alizikwa kabla ya Krismasi. Nakiete alikuja, akakaa majuma mawili.

"Mimi nilimwambia nitashuka nikuite tena," Kirumbe akasema. "Akakataa. Akasema, fundi amesema tusubiri masika. Akasubiri."

Alinifungulia nyumba. Jiko lilikuwa baridi, jeupe bado, rangi yangu ya maziwa haijabanduka hata mahali pamoja. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikashika mlango wa kushoto, ule wa vikombe. Umekwama. Masika, na umekwama, kama nilivyosema. Nilikaa sakafuni pale alipokaa yeye siku ile ya kwanza, nikaupiga randa kidogo kidogo mpaka ukafunguka. Nilipitisha senti pande zote nne. Ikapita. Vikombe vya maua vilikuwa ndani, vimepangwa sita, havijawahi kutumika.

Nakiete aliniruhusu nichukue lile kabati la vikombe. Sikuwahi kuoa, sababu ni nyingi na hakuna hata moja ya kuandika, kwa hiyo liko hapa kwangu Same, na ule ukurasa wa mama anayecheka nimeubandika ndani ya mlango, umekuwa wa kahawia. Nimelipaka upya mara nyingi, kingo zote, juu na chini, maana kingo ndizo zinazokunywa maji, msisahau. Vijana niliowafundisha wametawanyika, mmoja Hedaru, mmoja Moshi, wengine wako mbali zaidi, na nasikia wana mashine za kupiga randa zinazonguruma kama lori.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Chokaa na maziwa, kumbukeni, siku ileile. Bati likunjwe chini. Senti pande zote nne.

Na mmoja wenu akipita Same, aje na randa. Mlango wa kushoto wa kabati langu umekwama tangu juzi. Leo ni mwezi wa nane, jua ni kali, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari.